Nani Anaamua Saa Kumi na Mbili Asubuhi?

    Leo nina maneno na wanachuo, hasa wa upande wetu huu wa Temeke: Uhasibu, Diplomasia, Chuo cha Polisi pale Barabara ya Kilwa, Bandari kule Tandika, DUCE na VETA pale Chang'ombe. Mzazi, usizime redio. Na wewe mwenye nyumba uliyepangisha wanafunzi vyumba vya uani, ndiyo kabisa usizime.

Tuko mwishoni mwa Februari. Joto hili linalotutoa ndani tukalale barazani mnajua linatangulia nini. Masika yanakuja: Machi, Aprili, Mei. Kwa hiyo leo tuzungumzie usalama wa mwanachuo siku ya mvua kubwa, siku ya upepo, siku ya radi.

Naanza na kisa changu mwenyewe, nacho si cha kujisifia.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha chuo kimoja hapa mjini, jina lake sitalitaja. Asubuhi moja ya Aprili mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku wa manane. Kulikuwa na mtihani saa mbili. Mimi nilikuja na gari, nikaegesha karibu na ngazi, nikafungua bahasha saa mbili kamili kama ratiba ilivyosema. Viti vingi vilikuwa vitupu. Saa mbili na dakika ishirini akaingia binti mmoja, ameloa chapachapa, mguu mmoja una kiatu, wa pili peku.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kiatu kingine kiko wapi?"

"Kimechukuliwa na maji, mwalimu. Pale mtaroni."

Darasa likacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikampa karatasi yake, mwishoni nikamwongezea dakika ishirini, nikajiona mtu mwema. Jioni nilipita pale mtaroni. Maji yalikuwa yameshuka, kina kinaonekana. Kilikuwa kinanifika kifuani. Mfuniko wa zege ulishavunjika siku nyingi, na watu walikuwa wanaruka pale kila siku bila kufikiri. Nikasimama nikatazama. Kama maji yale yangechukua zaidi ya kiatu, mimi saa hiyo ningekuwa ukumbini, nasoma maelekezo ya mtihani kwa sauti.

Kesho yake nikamwita. Nikamuuliza, mwanangu, hukusikia redioni kwamba kuna mvua kubwa? Akanijibu kwa adabu zote: "Nilisikia, mwalimu. Nilikuwa nasubiri chuo nacho kisikie."

Wasikilizaji, jibu hilo ndilo lililonileta hapa leo. Siku ya hali mbaya ya hewa, uamuzi wa kutoka au kubaki tunamwachia kijana wa miaka ishirini, saa kumi na mbili asubuhi, amesimama kwenye ukingo wa maji, mkoba kichwani, kitambulisho cha mtihani mdomoni. Ataamua nini? Ataamua kuvuka. Mimi ningevuka. Wewe pia ungevuka. Narudia, maana huu ndio mzizi wa maneno yangu yote: ukingoni mwa maji si mahali pa kuamua, na saa kumi na mbili asubuhi si saa ya kuamua. Uamuzi unatakiwa uwe umeshafanywa jana yake, tena na mtu mwingine, si na huyo kijana.

Utaniuliza, jana yake tutajuaje? Tutajua. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kila siku hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano zijazo. Siku tano! Uko kwenye tovuti yao, kwenye mitandao ya kijamii, unasomwa redioni na kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku. Utaona ramani ya Tanzania imepakwa rangi. Rangi ya njano ni Angalizo. Rangi ya chungwa ni Tahadhari. Nyekundu ni Tahadhari Kubwa. Rangi tatu tu, hazihitaji shahada. Pamoja na ramani huandikwa mambo mawili ambayo watu wengi huyaruka: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari zake likitokea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Uwezekano unaweza kuwa mdogo na athari zikawa kubwa. Ukisoma "uwezekano mdogo" ukazima simu, umesoma nusu ya barua.

Najua mtakachosema. "Aah, mzee, hao watabiri! Si walisema kimbunga kinakuja, kiko wapi?" Mnamaanisha Jobo. Aprili 2021, tulitangaziwa kwamba Kimbunga Jobo kinaelekea pwani yetu, Dar es Salaam ikiwemo. Mji ulijiandaa, wavuvi wakavuta ngalawa juu. Jobo kikaishiwa nguvu baharini kabla hakijatufikia. Kesho yake mji mzima ulikuwa na vichekesho. Mimi mwenyewe nilipokea visivyopungua kumi.

Sasa nisikilizeni. Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, likaja tangazo jingine: Kimbunga Hidaya. Jina zuri, hidaya ni zawadi, ila zawadi hii hakuna aliyeiomba. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Kisha mvua zake zikaikata Barabara ya Kilwa kule Somanga. Barabara ya Kilwa, wasikilizaji! Hii hii inayopita mbele ya vyuo vyetu hapa Kurasini. Mwanachuo wa kutoka Lindi au Mtwara aliyekuwa anasimama kituo cha Uhasibu akitazama kusini, njia ya kwao ilikuwa imekatika, na magari yalikaa huko siku kadhaa yakisubiri.

Kwa hiyo Jobo kilikuwa uongo na Hidaya kilikuwa kweli? Hapana. Yote mawili yalikuwa matangazo sahihi. Kimbunga ni kama mgeni aliyesema atalala kwako: umetandika kitanda, akapitiliza. Utamkasirikia mtandikaji?

Na tusidanganyane kwamba pwani yetu haijui vimbunga. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kikaja Lindi. Aprili 2019 kikaja Kenneth. Mnaona mwezi unavyojirudia? Aprili, Aprili, Aprili. Na Aprili mwanachuo yuko wapi? Yuko katikati ya muhula wa pili, ana majaribio, ana kazi za vikundi, bumu la mkopo limeisha, hana nauli ya ziada. Kalenda ya chuo na kalenda ya masika zimelala kitanda kimoja, ila hazizungumzi.

Hiyo habari ya Kenneth ina jambo la kutufundisha. Kabla hakijatua, shule za Mtwara zilifungwa. Watu waliambiwa mapema, kesho msije. Kimbunga kikatua ng'ambo ya mpaka, Cabo Delgado kwa wenzetu wa Msumbiji, wiki sita tu baada ya kimbunga kingine, Idai, kuuvunjavunja mji wa Beira. Watoto wa Mtwara walipoteza siku za masomo, basi. Hapa kwetu Kurasini tuna chuo cha Diplomasia kilichoanzishwa 1978 kwa ubia wa Tanzania na Msumbiji. Ukikutana pale na mtu aliyekuwa Beira mwaka ule, muulize siku chache za masomo zina thamani gani.

Haya, tuwaache wakubwa wa vyuo kwanza, nitarudi kwao. Tuje kwako wewe mwanachuo, na tuanze na chumba.

Wengi wenu hamlali bweni. Mabweni hayatoshi, mnajua. Mnapanga mitaani: Mivinjeni, Shimo la Udongo, Keko, Mtoni, wengine mpaka Mbagala. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakuja lini kutafuta geto? Oktoba, Novemba mwanzoni. Pengine vuli bado. Dalali anamwonyesha chumba kizuri, bei poa, kiko bondeni, jua linawaka, nyasi zimekauka. Anauliza maswali mawili: umeme upo, maji yapo? Maji! Dalali anacheka moyoni, anasema yapo.

Ngoja nikupe macho ya mwenyeji. Ukifika, usitazame rangi ya ukuta mpya, tazama ukuta wa nje wa jirani. Kuna mstari wa udongo unaokwenda sawasawa kama umepigwa kwa rula? Hapo ndipo maji yalipofika. Tazama mlangoni: wamejenga kizingiti cha saruji cha kufika magotini? Hakuna anayejenga kizingiti kile kwa urembo. Chungulia ndani kwa jirani: kitanda kimepandishwa juu ya matofali, friji liko juu ya meza? Viroba vya mchanga vimepangwa kando ya ukuta? Hivyo vyote vinakusimulia. Kisha nenda kwa mama ntilie wa mtaa huo, kula chapati mbili, muulize: "Mama, masika hapa mnaishije?" Dalali anaweza kukudanganya. Mama anayepika chini hana sababu.

Na kuna siri moja ya Kurasini ambayo wageni hawaijui. Huku tumekaa kati ya maji na maji. Mbele ni bandari, nyuma ni mkono wa bahari wa Mtoni, ambamo Mto Kizinga unamwaga. Mitaro yetu na mito yetu yote inategemea bahari ishuke ili iweze kumwaga. Sasa muulize mvuvi yeyote pale Mtoni kuhusu bamvua. Mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari hujaa kuliko siku nyingine. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mtaroni hayana pa kwenda, yanasimama, kisha yanarudi yalikotoka. Unaweza kulala kukiwa na manyunyu ya kawaida ukaamka kandambili zinaelea. Kwa hiyo mwanachuo wa Kurasini, pamoja na rangi za TMA, tazama na mwezi. Hili halimo kwenye mtaala wa uhasibu, nakupa bure.

Wakubwa mnakumbuka Desemba 2011. Tarehe 20 hadi 22, mji ulipata mvua ambayo haikuonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki, wengi mabondeni, na waliopoteza nyumba wengine wakapelekwa Mabwepande wakaanze maisha upya. Na masika ya juzi juzi, ya 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwishoni mwa Aprili kwamba watu 155 wameshafariki nchini kote, na wakati huo Hidaya kilikuwa bado hakijafika. Si wote waliofuatwa na dhoruba kitandani. Wapo waliokuwa njiani.

Njiani. Hebu tusimame hapo njiani.

Umetoka geto, umefika kwenye maji. Ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, chini huoni kitu. Yanafika wapi? Ukisema yanafika juu kidogo ya kifundo cha mguu, nakwambia maji hayo yakienda kasi yanamwangusha mtu mzima. Yakikaribia goti, yanalisogeza gari dogo. Yakipita goti, yanachukua magari mengi. Sasa bajaji ina uzito gani? Bodaboda je? Lakini kila masika utamwona kijana amemwinamia dereva wa bajaji: "Pita tu braza, wenzako wamepita." Wenzake walipita saa ngapi? Barabara iliyokuwepo robo saa iliyopita huenda haipo tena chini ya maji hayo. Chini yake kuna chemba ambayo mfuniko wake umenyanyuliwa na maji au umeibwa na wauza chuma chakavu. Kuna karavati lililoliwa upande mmoja.

Kuna na vijana wanaobeba watu mgongoni kuwavusha kwa malipo. Siwalaumu, wanatafuta riziki. Lakini akiteleza, mnateleza wawili.

Kwa hiyo shika moja tu. Maji yanayotembea, ambayo huoni chini yake, huvuki. Huvuki kwa mguu, huvuki kwa bajaji, huvuki mgongoni kwa mtu. Unarudi, au unasubiri mahali palipoinuka. Na kama uko Barabara ya Kilwa au Mandela, usisubiri ukingoni mwa lami. Mnajua malori yetu, ya makontena na ya mafuta yanayotoka kwenye maghala. Mvua ikiwa nzito, dereva aliye juu kule hakuoni.

Upepo sitakaa nao sana. Usijikinge chini ya bango la matangazo, wala chini ya mti mkubwa, wala kando ya ukuta wa matofali uliosimama peke yake. Bati likianza kupigapiga, hama chumba hicho. Waya wa umeme ukianguka, hata kama hautoi cheche, kaa mbali nao, waite TANESCO, wazuie watoto. Maji yakianza kuingia ndani, zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujakanyaga maji, si baada. Ile ekstensheni yenu inayolala sakafuni, yenye chaja nne, pasi na jiko la koili, ipandisheni juu ya meza leo hii.

Radi nitakaa nayo.

Watu wa pwani tunaidharau radi, tunasema ni ya Kanda ya Ziwa. Kweli huko ndiko inakopiga sana. Januari 2025 radi ilipiga Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, wanafunzi saba wakafariki na wengi wakajeruhiwa. Juni 2011 kule Uganda, Shule ya Msingi Runyanya wilayani Kiryandongo, radi moja ilichukua watoto 18 na mwalimu wao. Mnaona zinapopiga? Penye watu wengi waliokusanyika kwenye jengo lisilo na kinga ya radi. Na chuo ni nini kama si watu wengi waliokusanyika? Wakuu wa vyuo wanaonisikiliza, ile nondo ya shaba juu ya paa na waya wake unaoshuka mpaka ardhini, mara ya mwisho ilikaguliwa lini? Waya bado upo, au umeshauzwa kwa kilo?

Bibi yangu, mvua ya radi ikianza, alifunika kioo cha kabati kwa kanga, akamvua mtu yeyote nguo nyekundu, akatukalisha katikati ya chumba kimya, mbali na mlango, akazima redio. Nilipofika sekondari nikamcheka. Kioo hakiiti radi. Wala nguo nyekundu. Radi hutafuta kitu kirefu kilichosimama peke yake, hupenda uwanja wa wazi, hufuata nyaya na mabomba. Lakini angalieni bibi alipopatia: alituingiza ndani, akatuweka mbali na mlango na dirisha, akazima kilichounganishwa na waya. Bibi hakusoma, ila mambo matatu kati ya matano alikuwa sahihi. Wapo wahitimu wasiofika hapo.

Nawe fanya hivi. Ukiona mmweko, anza kuhesabu taratibu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ukifika kumi ukasikia, iko kama kilomita tatu, yaani ukiwa Uhasibu ni kama iko Chang'ombe. Hesabu ikiwa chini ya thelathini, ingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa vioo. Mpira uwanjani uishe, hata kama mnaongoza. Na usitoke mara tu mvua inapokatika. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Watu hupigwa wakati wanadhani imekwisha.

Kuna wanangu wa Unguja na Pemba ambao wikendi huvuka kwenda nyumbani. Bahari haina masika tu, ina na kusi. TMA wanaposema upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, ile si sentensi ya kujaza nafasi kwenye taarifa ya habari. Meli ya MV Skagit iliondoka hapa Dar es Salaam mchana wa tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, ikazama karibu na Chumbe. Idi ikikukuta huku, piga simu nyumbani, lia kidogo, kula pilau na wenzako wa chumba. Na wale mnaosoma Chuo cha Mwalimu Nyerere kule Kigamboni huku mnalala upande wetu, tangu Aprili 2016 tuna Daraja la Nyerere linalotuunganisha na Kigamboni kutokea hapa hapa Kurasini. Siku ya upepo mzunguko huo mrefu una faida yake kuliko kusukumana kwenye pantoni.

Maji yakishashuka, je? Hapo watu hujisahau. Yale maji yalipita chooni kabla ya kupita kwako. Chemsha ya kunywa. Kachumbari ya barabarani iache wiki mbili, haitakimbia. Ukiwa na kidonda mguuni, usisafishe tope peku. Mnakumbuka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, ugonjwa ulioitwa homa ya mgunda? Huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na hupenda maji na tope. Vaa buti, au funga mifuko miguuni, utachekwa lakini utakuwa mzima.

Vyeti vyako weka kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uweke juu kabisa ya kabati. Godoro hununuliwa Keko. Cheti cha kidato cha nne hakinunuliwi Keko, na anayekwambia kinanunuliwa anakupeleka jela.

Sasa nirudi kwa wakubwa, maana nilisema nitarudi.

Nani anaamua? Hilo ndilo swali nililoanza nalo. Nimewauliza wanachuo kadhaa wa mtaani kwangu: kesho ikitangazwa rangi ya chungwa, nani chuoni kwenu ana mamlaka ya kusema vipindi vimeahirishwa? Mmoja akasema Mkuu wa Chuo. Mwingine akasema Mshauri wa Wanafunzi. Wa tatu akasema, "Anaamua CR, mwakilishi wa darasa, anatuma meseji kwenye kundi." Wa nne akacheka tu.

Pendekezo langu ni dogo, halihitaji bajeti. Kila chuo kimteue mtu mmoja, na msaidizi wake kwa siku ambazo yeye hayupo. Kila jioni ya Machi, Aprili na Mei, na tena vuli ikiingia, mtu huyo atazame ramani ya TMA. Rangi ya njano, wanachuo wakumbushwe. Rangi ya chungwa, asiyeweza kufika kesho asihesabiwe mtoro, na mtihani usogezwe. Rangi nyekundu, chuo hakifunguliwi, na milango ya kumbi iwe wazi kwa waliofikwa na maji usiku. Tangazo litoke kabla ya saa tatu usiku, kwa maandishi, lenye jina na cheo, libandikwe kwenye tovuti ya chuo na kupelekwa kwa ma-CR wote. Nasema kwa maandishi kwa sababu mnayajua makundi yetu ya WhatsApp. Siku ya mvua hutoka sauti ya mtu asiyejulikana: "Jamani nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa..." Mtu wa ndani ya nini?

Mhadhiri mwenzangu, najua unasema silabasi haitaisha. Itaisha. Mtihani uliosogezwa Alhamisi hufanywa Jumanne, maswali yale yale, na walioshindwa watashindwa vile vile.

Nanyi serikali ya wanafunzi, nyinyi mna nguvu hapa kuliko mnavyojua. Wiki ijayo tembeeni. Pigeni picha kila mfuniko wa chemba uliovunjika kati ya geti la chuo na vituo vya daladala, pelekeni ofisi ya serikali ya mtaa, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi. Andikeni orodha ya wenzenu wanaolala bondeni, kila mmoja apangiwe mwenzake anayelala mwinuko wa kumpokea usiku. Msisahau wenzetu wenye ulemavu. Mtu wa magongo au wa kiti cha magurudumu anahitaji kujua saa sita kabla, si dakika sita. Na nambari mbili ziandikwe ukutani kila bweni: 114 Zimamoto na Uokoaji, 112 Polisi. Mtu akichukuliwa na maji, usiruke kumfuata kama hujui kuokoa. Piga kelele, rusha kamba, rusha dumu tupu lililofungwa mfuniko, piga 114.

Yule binti wa kiatu kimoja, mtapenda kujua, alifaulu. Tulikutana miaka mingi baadaye pale Sabasaba, kwenye maonesho, anasimamia banda la ofisi yake. Nikamkumbusha. Akacheka, akasema, "Mwalimu, unajua nilirudi siku ile kukitafuta? Kilikuwa kipya." Nikamuuliza, ulikipata? Akasema alikikuta kimenasa kwenye matawi, mbali sana, karibu na maji ya bahari.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Mwenye swali atume ujumbe, wiki ijayo nitalisoma. Mimi natoka hapa nakwenda kutazama mtaro wa mbele ya nyumba yangu. Jana niliwaona watoto wakitupia vifuu vya nazi, nami nikapita bila kusema neno. Usiku mwema.